Muziki Uliokatwa: Je, Koreografia ya Barafuni Inaufasiri?

Bagamoyo, mji ambao Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, mtazamaji huzoea mapema kuona mcheza ngoma na mpigaji wakisikilizana: mchezaji akichelewesha hatua, mpigaji humngoja, na mpigaji akibadili mdundo, mwili wa mchezaji hubadilika papo hapo. Mtazamaji huyo anapowasha runinga na kukuta mashindano ya kuteleza kwenye barafu, hukutana na jambo tofauti kabisa. Muziki umerekodiwa, haumngoji mtu, na mtelezaji ana takriban dakika nne tu za kuonyesha kwamba ameuelewa. Ndiyo maana wapenzi wa mchezo huo hawaishi kubishana iwapo koreografia zake, yaani mipangilio ya miondoko, zinaufasiri muziki kweli, au zinautumia kusindikizia miruko.

Wanaolalamika wana hoja nzito. Mtazame mtelezaji anapojiandaa kuruka: anateleza kinyumenyume kwa mstari mrefu, mikono imetulia, shingo imegeuka kidogo, na kwa sekunde kadhaa fidla zinaweza kupanda au kunyamaza bila chochote mwilini mwake kuzijibu. Simlaumu. Mruko wa Lutz wa mizunguko minne, mmoja wa miruko migumu zaidi, una thamani ya msingi ya pointi 11.5, na hakuna mkono unaoinuliwa kwa madaha utakaolipwa kiasi hicho. Katika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, Alina Zagitova alipanga miruko yake yote katika nusu ya pili ya programu yake ndefu, aliyoitelezea muziki wa balei ya Don Quixote, kwa sababu kila mruko wa nusu hiyo uliongezewa asilimia 10. Alitwaa dhahabu, na msimu uliofuata nyongeza hiyo ikabakizwa kwa miruko mitatu ya mwisho tu. Hata hivyo, muziki wa balei aghalabu humalizia kwa kasi na kishindo, kwa hiyo kurundika miruko huko hakumaanishi lazima kwamba muziki umesalitiwa.

Wanaoutetea mchezo huu hukimbilia Olimpiki ya Sarajevo, mwaka 1984, na wana haki. Jayne Torvill na Christopher Dean wa Uingereza walichagua Bolero ya mtunzi Mfaransa Ravel, ambamo ngoma ndogo hurudia mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho huku ala zikiongezeka moja baada ya nyingine. Hata baada ya kufupishwa, muziki ulizidi muda ulioruhusiwa. Kwa kuwa saa ilihesabiwa kuanzia pale vyuma vya viatu vinapogusa barafu, walianza wakiwa wamepiga magoti, wakiyumba taratibu, na kulazimika huko kukageuka kuwa tafsiri, kwani sauti ndogo ya mwanzo ilipata miili ambayo bado haijasimama. Muziki ulipoporomoka mwishoni, nao wakaanguka barafuni. Majaji wote tisa waliwapa 6.0, alama ya juu kabisa ya wakati huo, kwa upande wa sanaa.

Ila lazima isemwe kwamba wao walicheza dansi ya barafuni, ambayo haina miruko ile mikubwa, na kwamba Bolero inavumilia kufupishwa kwa kuwa ni mpando mmoja usiokatika. Hapa ndipo naona tatizo lenyewe lilipo, zaidi ya kwenye miruko. Opera ya saa mbili na zaidi ikikatwa vipande vinne vinavyojulikana, kisha vikaunganishwa ili kila kishindo kiangukie penye mruko, kinachobaki hakina safari ya kufasiriwa. Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki alishinda Olimpiki ya Calgary mwaka 1988 kwa opera ya Carmen ya Bizet, akamaliza akiwa amelala barafuni kama mhusika wake aliyeuawa. Lilikuwa onyesho la kukumbukwa, lakini kwa maoni yangu alichofasiri ni hadithi kuliko muziki.

Mfumo wa alama haujasaidia. Hadi mwaka 2022, tafsiri ya muziki ilikuwa na alama yake peke yake kati ya vipengele vitano ambavyo majaji walivipima mbali na pointi za miruko na mizunguko. Vilipopunguzwa kuwa vitatu, iliingizwa ndani ya uwasilishaji, pamoja na mambo mengine kadhaa. Wapo wanaosema majaji walikuwa wakitoa alama zinazofanana kwa vipengele vyote vitano, hivyo hakuna kilichopotea. Hoja hiyo inaeleza uzembe wa kuhukumu, wala haihalalishi kuondoa swali. Ningependa lirudishwe, na lianzie kwenye ukataji wenyewe: jaji aupime muziki ulivyounganishwa kabla hajaupima mwili unaoufuata.