Fundi Cherehani na Gauni la Dukani

Mimi ni fundi cherehani. Nalisema hili mapema ili mjue panaponiuma. Kuanzia chungu la kumi la Ramadhani mpaka usiku wa kuamkia Idi nashona nguo za watoto wa watu: kanzu za wavulana, magauni ya mabinti, na yupo mama mmoja ambaye kila mwaka huniletea mita moja na nusu ya kitambaa akitaka vitoke vigauni viwili na kilemba. Kibarazani kwangu nguo zinaning'inia mpaka wapita njia wanainama. Wateja wakija kuulizia nawaambia "njoo kesho", na kesho wakija nawaambia hivyohivyo, ndiyo salamu yetu mafundi.

Sasa chungu la ishirini na tano, jioni, binti yangu Zuu wa miaka saba, aliyelelewa kwa hela ya sindano hiyohiyo, akanisogelea pale kwenye cherehani akaniambia: "Baba, mimi usinishonee. Mimi nataka la dukani."

La dukani!

Waliosema kinyozi hajinyoi waliishia njiani. Mimi wembe ninao, na muda ningeuiba. Kichwa chenyewe ndicho kimegoma, kinataka saluni.

Nikamuuliza kwa upole, maana nilikuwa nimefunga, hilo la dukani lina nini. Akasema lina lebo shingoni, halafu linakuja kwenye mfuko unaopiga kelele. Nikamgeukia mama yake anitetee. Mama Zuu alikuwa anamenya magimbi ya futari, hata uso hakuinua. "Mtoto wa mlango wa pili kanunuliwa la elfu hamsini," akasema. "Wewe fanya unavyoona, Baba Zuu."

Wanaume wenzangu mnaijua hiyo "fanya unavyoona". Hapo umeshahukumiwa, bado kusomewa tu.

Enzi zetu nani angethubutu? Nakumbuka mwaka 2000, Idi ilidondokea siku chache tu baada ya Krismasi. Mzee wetu alikwenda mjini akarudi na jora moja la kitambaa cha bluu chenye maua meupe. Wavulana tukatoka mashati, dada zetu magauni, kilichobaki kikawa pazia la sebuleni. Mdogo wangu akisimama dirishani humuoni. Suruali zilikunjwa pindo la vidole vinne, kila Idi zinafumuliwa vidole viwili, na ukimwambia mzee unataka la dukani unapewa la kofi. Tulifurahi sana, nawaambia ukweli, ila pengine ni kwa sababu mtaa mzima ulikuwa na mapazia yanayofanana na watoto wake.

Basi chungu la ishirini na sita nikafunga mlango wa kazi, nikapanda daladala ya Kariakoo. Jina Kariakoo, kwa asiyejua, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Karne imepita na pale bado watu wanabeba, ila wapagazi wale mizigo haikuwa yao, wala hawakuilipia. Na humo ndani kuna mtaa unaitwa Sikukuu. Si utani, upo, una na kibao. Nimeupita huku tumbo langu likiwa mgongoni kwa mtu nisiyemjua, nyuma mkokoteni unanikoromea "pisha, pisha!", na jua la saa saba halina habari kwamba mimi nimefunga.

"Anko, karibu! Seti za watoto! Ingia uangalie, kuangalia bure!"

Nikaingia. Gauni lilikuwa la waridi, lesi tabaka tatu, mkanda kiunoni wenye ua kubwa kama sahani ya kahawa. Nikauliza bei. Kijana akasema elfu hamsini na tano bila hata kupepesa. Mimi kwa mazoea ya kazi nikaligeuza ndani nje. Mungu anisamehe, ilikuwa mchana wa Ramadhani na nilitaka kusema neno. Kingo hazikupigwa ovaloki. Bitana imeishia kiunoni kama imeahirisha safari. Zipu imepinda mithili ya njia ya panya, na hiyo zipu, kwenye gauni la waridi, imeshonwa kwa uzi wa kijani. Mimi mteja wangu akikuta uzi wa kijani kwenye nguo ya waridi haji peke yake, anakuja na mjomba wake.

Nikamwonyesha. "Dogo, huu mshono mbona hivi?"

Akautazama kwa heshima kabisa. "Anko, hiyo fasheni. Huo mzigo umetoka China, kule hawakosei."

Tukashuka mpaka elfu arobaini na tano. "Maongezi yapo, anko, ila usiniue." Wakati ananibembeleza mimi kichwani nilishaanza kukata: kitambaa mita mbili, 8,000, bitana, 3,000, lesi, 6,000, zipu, 1,000, ua, 1,500. Jumla 19,500, na ua langu litashonwa lisidondoke. Nikalipima gauni kwa shubiri nikijifanya nalikung'uta vumbi, nikahesabu marinda, nikamwambia lile neno la Kariakoo ambalo muuzaji na mnunuzi wote wanajua ni uongo: "Nazunguka, narudi."

"Ukirudi hulikuti, anko."

Hilo nitalikuta nyumbani.

Lakini msidhani niliondoka mshindi. Yule wa mwisho, wa miaka minne, ambaye tunamwita Bosi kwa sababu za wazi, alitaka viatu vya taa. Ni vile mtoto akikanyaga kisigino kinawaka nyekundu na bluu kama gari la polisi. Vilianza 25,000, nikavitoa kwa 18,000. Miwani ya jua 2,000. Saa ya mkononi 3,000, ya plastiki, mishale yake imechorwa palepale saa nne na dakika kumi. Na kaka yao wa miaka kumi na moja kanzu hataki, anataka jezi ya Simba. Mimi ni Yanga toka tumboni. Kanzu ya mtoto nashona kwa 7,000. Ile jezi ilikuwa 35,000. Maana yake nilikaa siku mbili nikikanyaga pedali, kanzu tano nzima, ili mwanangu wa kumzaa aje anizomee ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Nililipa nimegeuza uso kama mtu anayechomwa sindano.

Nikamalizia kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Wenye kazi yetu wanajua, lebo zinauzwa. Nikachukua moja imeandikwa Paris, shilingi 200. Mfuko unaopiga kelele, 500. Kwa hiyo safari ya gauni langu kutoka Ufaransa iligharimu 700, chini ya nilichowalipa daladala kwenda na kurudi.

Nililishona usiku wa chungu la ishirini na saba, watoto wamelala, redio inasoma mawaidha kwa sauti ya chini. Mama Zuu alinikuta nalo saa nane usiku alipoamka kupika daku. Akalitazama gauni, akaitazama lebo, akanitazama mimi. Nikadhani atacheka. Akavuta kigoda. "Kola ipandishe kidogo," akasema, "la mtoto wa mlango wa pili limepanda."

Tukakaa pale tunapiga hesabu za sikukuu. Zaka ya fitri, pishi moja kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu za mchele. Sisi ni vichwa vitano. Hapa nina neno na Bosi, ambaye wali akila vijiko vitatu anasema kashiba, lakini kwenye pishi tunalingana mimi na yeye. Nyama ya pilau. Mkono wa Idi kwa watoto wa watu, ambao siku hizi ukimpa mtoto shilingi mia mbili anaigeuza kuangalia upande wa pili kama kuna nyongeza. Halafu Desemba yaja. Msiniulize Desemba inanihusu nini. Kwenye nyumba yetu ya kupanga Krismasi haina dini. Sahani za pilau zinavuka milango, na watoto wangu hawakubali kupokea sahani ya jirani wamevaa kaptula ya shule.

Hapo nikapata wazo. Nikamwambia mke wangu, Idi inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, sivyo? Basi vumilia, mwaka 2033 itaangukia Desemba, jirani kabisa na Krismasi, kama ile ya mwaka 2000. Nguo moja, sikukuu mbili! Niliona kabisa nafuu inakuja, nikaachia na pedali.

Mama Zuu akanyamaza, anahesabu kwa vidole. "Kama Desemba 2033 ni Idi," akasema, "toa siku kumi na moja kwenye mwaka. Si ina maana na Januari ya mwaka huohuo kuna Idi?"

Nimehesabu mara tatu tangu siku ile. Ni kweli. Mwaka 2033 una Idi ya mfungo mwanzoni na nyingine mwishoni, na Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, katikati yake, na Krismasi juu yake. Mke wangu hakusoma zaidi ya la saba, lakini nawaambieni, hazina ya taifa wangempa yeye.

Asubuhi ya Idi mosi Zuu alivuta gauni kutoka kwenye mfuko, mfuko ukapiga kelele vizuri sana. Akapeleka kidole shingoni. "Pa-ris," akasoma. Akaruka akanikumbatia, akaniambia: "Baba, unaona sasa? Wewe huwezi kushona hivi." Nikasema kweli mwanangu, mimi siwezi. Kaka yake na jezi yake hakuwa na la kusema, alikuwa ananiimbia tu.

Nje nikamsikia mama mlango wa pili anauliza, na mama Zuu, mwanamke ninayemwamini na funguo zangu zote, anajibu bila kukohoa: "Kariakoo, dada. Elfu sitini."

Yaani kapandisha! Tulipotoka kuswali baba mlango wa pili alinipa mkono wa nchani. "Fundi," akaniambia, "mwenzetu unatuponza."

Idi pili taa za viatu zikazimika, zikabaki za mguu wa kushoto, zinawaka zenyewe usiku uvunguni. Na Bosi akikatazwa kucheza saa tatu usiku ananyoosha mkono anaonyesha saa yake: bado saa nne asubuhi.

Idi tatu nimekaa kibarazani napumzisha mgongo, mama mlango wa pili huyo anakuja na kitambaa kwapani. Gauni la mwanawe, lile la elfu hamsini, zipu imeachia kwenye bembea.

"Fundi, shikamoo ya kazi. Nataka unishonee kama la Zuu, avae Idi ya Mfungo Tatu." Akamwita Zuu, akamgeuza mgongo, akaniitia nije nione. "Tazama wenzako wanavyoweka zipu. Imenyooka. Tazama na huku ndani, hakuna uzi unaoning'inia. Najua halitafika hili, la dukani ni la dukani, lakini jitahidi, eeh? Kitambaa changu, nitakupa elfu nane."

Mama Zuu alikuwa mlangoni na ufagio. Aliingia ndani haraka, nikasikia anacheka kwenye khanga.

Nikavuta futi nikajivika shingoni. Nikakitazama kitambaa. Mita moja na nusu.

"Njoo kesho," nikamwambia.