Mkono unatangulia, macho yanafuata

Hakuna kitu kinaniudhi kama mlango wenye kishikio kirefu cha kukamata halafu pembeni umebandikwa kikaratasi SUKUMA. Hivi kweli? Umbo lote la kile kishikio linamwambia mtu vuta, mkono ushavuta kabla jicho halijafika kwenye maandishi, mlango ukigoma watu wanamcheka, kwani hujasoma? Mi nasema huyo hana kosa kabisa, wa kuulizwa ni aliyeubuni, maana upande wa kusukuma ukiweka bamba bapa tu la chuma hakuna atakayevuta, avute nini sasa?

Jiko la pleti nne ndo yale yale. Pleti mbili mbele mbili nyuma, swichi zimepangwa mstari mmoja, ya pili kutoka kushoto ni ya mbele au ya nyuma? Unawasha kwa kubahatisha. Wangezipanga swichi kama pleti zilivyokaa, basi, yale madoti ya kuelekeza yasingehitajika.

Na usidhani ni mambo ya wasiosoma. Vita Kuu ya Pili marubani wa B-17, ndege za kudondosha mabomu za Marekani, watu waliofundishwa kweli kweli, walikuwa wakishatua salama wanataka kurudisha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, wanajikuta wamekunja magurudumu, ndege inalalia tumbo hapo hapo uwanjani, ikawa inaandikwa uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza akakuta swichi mbili zinazofanana zimekaa jirani. Dawa yake ilikuwa rahisi mno, moja ikavishwa kigurudumu kidogo cha mpira, nyingine umbo la kabari kama flapu yenyewe, vidole vikawa vinatambua bila kuangalia.

Kinachoniuma zaidi ni Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois Theatre uliposhika moto wakafa watu zaidi ya 600. Kulikuwa na milango yenye makomeo ambayo watu hawakuyajua, mingine ilifungukia ndani, na umati unaokimbia moto unachojua ni kusukuma tu. Zile fito za milango ya dharura, unaziegemea kwa mwili mlango unafunguka, zilienea zaidi baada ya msiba huo.

Kwahiyo wanaotengeneza vitu nawaomba, kabla hamjaandika maelekezo mpeni mtu asiyekijua hicho kitu, msimwambie neno, muangalie mkono wake unaenda wapi kwanza, halafu mkirekebishe kimfuate yeye.