Niliuza kangomba jasho langu

Mjomba wangu wa Tandahimba hajawahi kukanyaga jimu. Akitaka kutoka jasho, mikorosho yake inamtosha. Lakini nilipomsimulia yaliyonipata Mtwara mjini, alielewa kabla sijamaliza. "Mpwa wangu," akasema, "wewe umeuza kangomba."

Kwa msiotoka Kusini: kangomba ni pale mkulima aliyebanwa na shida anapochukua hela mapema, kisha analipa kwa korosho za msimu ujao, kwa bei ya kutupa. Mimi niligeuza tu upande, nikatoa hela mapema kwa jasho ambalo bado halijanitoka. Nilijiunga na jimu moja mjini: ada ya mwezi ilikuwa 35,000, ya mwaka mzima 300,000. Nikaona nimeokoa 120,000, nikasaini. Ilikuwa Januari, mwezi ambao hata mvivu ana mipango. Wiki ya saba nikapata uhamisho wa kikazi kwenda Lindi. Ningekuwa nalipa kwa mwezi, ingenitoka 70,000 basi.

Nilipoenda kuomba salio, kijana wa mapokezi alinigeuzia fomu. "Dada, hii sahihi si yako?" Ilikuwa yangu. Juu yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi: fedha ikishalipwa hairudishwi.

Hapa nitawaudhi waliotarajia niwachambe wenye jimu. Uhamisho wangu haukuwa kosa lao. Sheria ya Mikataba haiulizi kama ulisoma vizuri; inauliza kama ulikubali kwa hiari yako, bila kulazimishwa wala kudanganywa. Mimi nilikubali, tena nikicheka.

Ila kuna jambo nililichanganya, na ndilo lililonigharimu. Kubadilikiwa na mambo yako ni kitu kimoja. Kutopewa ulicholipia ni kingine kabisa. Bango la mlangoni liliahidi bafu lenye maji na mashine tatu za kukimbilia. Kwa wiki zote saba maji niliyaona mara mbili, na mashine mbili zilikaa zimefunikwa kanga kama maiti. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kupokea malalamiko ya namna hiyo. Kwa maoni yangu, neno "hairudishwi" halimfichi mtu aliyetangaza asichokuwa nacho.

Nilipaswa kulalamika wiki ya pili, kwa maandishi, nikiwa na picha ya bango mkononi. Badala yake nilinyamaza, nikawa naenda kuoga nyumbani, halafu nikaja kudai kwa hoja ya uhamisho, hoja dhaifu kuliko zote nilizokuwa nazo. Na risiti je? Nililipa kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi, nikapewa kikaratasi cha kuandika kwa mkono. Risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, sikuidai, niliona kama namsumbua. Aibu zetu hizi! Sokoni tunabishania mia mbili ya nazi, lakini mbele ya mtu mwenye kompyuta na kiyoyozi tunalipa laki tatu kimyakimya.

Ninachowaambia wenzangu sasa ni kwamba punguzo la mwaka si zawadi. Ni bei ya kuachia silaha yako pekee, yaani kuacha kulipa mwezi ujao maji yakikatika. Ukilazimika kulipa yote, uliza kwanza: nikiugua au nikipata mimba, siku zinasimama? Nikihama, naweza kumwachia ndugu yangu nafasi? Akijibu ndiyo, aandike.

Lindi nimepata jimu nyingine, ndogo, vyuma vyake vina kutu kidogo. Nalipa kila mwezi. Nilipoomba waandike kwamba naweza kusimamisha, mwenye jimu, baba mtu mzima, alichukua kalamu, akaisoma fomu yake juu hadi chini, akakuna kichwa. "Hii niliinakili kwa rafiki yangu Dar," akasema, kisha akafuta mistari miwili bila mimi kumwambia.