Mbuzi sio panya jamani

Mwandishi wa makala hii kasema liposomu, yani vile vijipovu vya mafuta vinavyobeba dawa, vikishachomwa vinaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa na kwa panya imeonekana salama. Hapo naomba niongeze kitu maana mi nashinda na hadubini huku Nyegezi napima damu za mifugo. Kwanza hata huyo panya, vijipovu vyenye chaji hasi vikiingia kwenye damu, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinashuka ndani ya dakika chache, zinaenda kujibanza kwenye ini halafu zinarudi, sasa ukichelewa kutoa sampuli utasema hakuna kilichotokea. Ila nguruwe, ng'ombe, kondoo na mbuzi ndo wengine kabisa, wana makrofaji, yani seli zinazomeza vitu vigeni, zimejishika kwenye mishipa midogo ya mapafu, zinameza hivyo vijipovu na presha ya mapafu inapanda fasta, nguruwe ndo anaumia zaidi. Chembe nyekundu za damu zenyewe tu hazifanani mnyama na mnyama, leo asubuhi nilikuwa na slaidi ya mbuzi, vidogo mno kama vumbi la dagaa, weka ya mbwa pembeni utashangaa. Kwahiyo mwandishi tafadhali taja mnyama gani, na damu ilitolewa dakika ya ngapi!