Kabla ya ile saa kulikuwa na kaunta

Hata asiyewahi kutazama filamu bubu huenda ameiona picha ya kijana mwenye miwani aliyening'inia kwenye mshale wa saa ya ghorofani, magari yakipita chini kabisa. Ni mchekeshaji Harold Lloyd katika filamu ya Safety Last! ya 1923. Wengi huichukua kama hadithi ya kutoboa: kijana katoka mji mdogo, kajituma, kapanda mpaka juu, na mchumba kamkuta kwenye paa. Si uongo, ndivyo inavyokwisha.

Lakini nadhani saa imetusahaulisha kaunta. Harold ni muuzaji wa vitambaa katika duka kubwa. Akina mama wanamvamia, wanavutana majora, wanamkunjakunja naye kama sehemu ya bidhaa. Anatoka hapo hovyo, bila koti, na msimamizi haulizi ameuza kiasi gani. Anamshtaki kwa meneja kwamba havai kiheshima. Baadaye Harold anamsikia meneja akisema atatoa dola 1,000 kwa wazo la kuvuta watu dukani. Kiki, kwa lugha ya leo. Wazo la Harold ni mtu apande ukuta wa jengo la duka kwa nje. Rafiki yake ndiye aliyepaswa kupanda kwa mgawo wa nusu, ila polisi anamkimbiza, basi Harold anaambiwa apande ghorofa moja tu, halafu nyingine, halafu nyingine.

Anayeuza anakaripiwa, anayekaribia kufa anaahidiwa pesa. Kejeli gani tena?

Kuna watakaosema kejeli ya kweli ni filamu ya Big Business ya 1929, wachekeshaji Laurel na Hardy wakichuuza miti ya Krismasi kwenye jua la California. Mteja anakataa, tawi linabanwa mlangoni, kengele inapigwa tena, na mwisho gari lao na nyumba yake vyote ni vifusi, huku polisi akiandika kwenye kijitabu. Nimecheka mpaka machozi. Ila pale wajinga wako sawa kwa sawa, hakuna bosi.

Ninachowakubalia watetezi wa hadithi ya kutoboa ni kwamba Lloyd hamchukii meneja. Hata barua za uongo kwa mchumba, kwamba amepanda cheo, filamu inazisamehe. Anataka kiti kile kile. Lakini tazama picha ya mwisho: mshindi anaondoka na bibie juu ya paa lenye lami mbichi, viatu vinanasa, soksi nazo, na yeye anaendelea kutembea pekupeku bila habari.