Kikaratasi cha E6: kije zahanati au kibaki maabara?

Ingia zahanati yoyote ya Chamwino au Mpwapwa, utavikuta vikaratasi vya kupimia: cha malaria, cha VVU, cha mimba. Tone la damu au mkojo, subira kidogo, mistari inajitokeza. Ndiyo maana ikitajwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine, watu huuliza: mbona hii haina kikaratasi chake?

Kipo. Kampuni ya Arbor Vita ya Marekani ilitengeneza kipimo chenye kingamwili za maabara zinazonasa E6, moja ya protini mbili ambazo virusi vya HPV, chanzo cha saratani hii, huzitumia kugeuza seli kuwa saratani. Si cha robo saa. Kinakula saa mbili na zaidi, na sampuli lazima iandaliwe kwanza. Hata hivyo kina mashabiki, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Hoja yao ina uzito. HPV ni ya kawaida mno, na wanawake wengi wanaoambukizwa mwili huiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kipimo cha DNA ya virusi hivyo, ambacho tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri kiwe cha kwanza, kinasema virusi vipo. Vinafanya nini humo ndani, hakisemi. Protini ndiyo inayosema. E6 huishika p53, protini inayolinda seli zisiharibike, na kuifanya ivunjwevunjwe. E7 nayo huifunga Rb, ambayo ni breki ya kuzaliana kwa seli. Ukiikuta E6 ya kutosha kuonekana, hujamkuta mgeni aliyelala usiku mmoja. Umemkuta mwizi akibomoa ukuta.

Utafiti wa vijijini China uliochapishwa 2013, kwa wanawake zaidi ya 7,000, ulionyesha tofauti hiyo wazi: kipimo cha DNA kilitoa majibu chanya kwa karibu 14 kati ya kila 100, cha E6 kwa chini ya 2. Sasa mfikirie mama wa Kibakwe. Jibu chanya kwake maana yake ni nauli ya kwenda mjini, siku mbili za shamba, na mtu wa kumwachia watoto. Tena akiambiwa ana virusi vya saratani vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, habari haiishii kwa nesi. Inafika nyumbani, na mume anauliza imetoka wapi. Kumwepusha na hayo mwanamke ambaye hakuwa na ugonjwa si jambo dogo. Kwa wanaoishi na VVU, ambao HPV hukaa mwilini mwao kwa muda mrefu zaidi, majibu chanya ya DNA ni mengi kiasi cha kuijaza kliniki ya rufaa.

Kilichonitoa kwenye ushabiki ni namba nyingine ya utafiti uleule. Kati ya wanawake waliokuwa na mabadiliko makubwa ya awali, yale yanayokaribia saratani, kipimo cha E6 kiliwakamata nusu na kidogo tu. Cha DNA kiliwakamata karibu wote. Mahali ambapo mwanamke hupimwa kila mwaka, kukosea leo kunasahihishwa mwakani. Lakini lengo lenyewe la dunia la kufikia 2030 ni apimwe mara mbili tu: kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45. Aliyeambiwa “huna kitu” kimakosa ataondoka na jibu hilo kwa miaka kumi.

Tena kikaratasi hakimnasi yule kisichomjua. Kipimo hicho kililenga aina chache za HPV, 16 na 18 zikiwa mbele, na kweli hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Ila aina ya 35 hupatikana zaidi katika saratani za Afrika kuliko za kwingine, na kingamwili iliyofundishwa kuijua 16 itaipita kama abiria asiyemfahamu jirani wa kiti cha nyuma.

Na hapo bado hatujaigusa kingamwili yenyewe. E7 ya aina ya 16 ina asidi amino 98 tu, yaani matofali yanayoijenga protini, E6 ni kubwa kidogo, zote ni chache ndani ya seli na hazidumu. Kuzitafuta kwenye kinyama, yaani kipande cha mwili wa mgonjwa, kilichohifadhiwa kwenye dawa ya formalini ni kazi ngumu, na kingamwili nyingi zinazouzwa kwa kazi hiyo hushika na protini nyingine zisizohusika. Tatizo si la HPV peke yake: mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 100 walitia saini andiko katika jarida la Nature wakitaka kingamwili za utafiti zitengenezwe kwa mpangilio wa vinasaba unaojulikana, ili chupa ya leo na ya mwakani ziwe kitu kimoja.

Ndiyo maana maabara nyingi za patholojia, zile zinazochunguza vinyama hivyo, huizunguka E6 na kuitafuta p16, protini ya seli yenyewe. Breki ya Rb ikikatwa, seli huzidisha p16 kama dereva wa lori aliyekatikiwa breki mteremkoni, anavyozidi kukanyaga. Mguu huo unaonekana vizuri chini ya darubini. Lakini unahitaji kinyama, mtaalamu wa patholojia na jokofu lisilokatikiwa umeme, kwa hiyo ni kitu cha hospitali ya rufaa.

Msimamo wangu basi: kwa swali la kwanza, DNA. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu zinaweza kuipima HPV kwa saa moja hivi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faragha ambayo kijijini ina thamani kubwa. Protini iulizwe ya pili, kwa wale tu waliokutwa na virusi, kuamua nani aende mjini haraka na nani afuatiliwe karibu na kwao. Hapo udhaifu wake haumfukuzi mgonjwa, kwa sharti kwamba asiye na E6 asiruhusiwe kupotea.

Na muuzaji wa kingamwili akifika Dodoma na chupa zake, sitamwomba picha za majaribio ya HeLa au CaSki, seli za maabara zenye HPV ambazo kila muuzaji anazo kwenye kipeperushi. Nitamwomba ya C33A, seli za saratani ya mlango wa kizazi zisizo na HPV kabisa. Kama nako mstari umetokea, kingamwili yake inashika kisichohusika; arudi na chupa zake.