Mikato Miwili ya Makamu

Kidato cha Pili hawapendi sarufi, na siwalaumu. Kipindi cha mkato kiliangukia baada ya mapumziko, watoto wameshashiba mihogo, macho yanarembuka. Nikaona nikianza na kanuni nitawalaza kabisa. Nikaandika ubaoni: "Wanafunzi ambao hawakufanya zoezi wasimame."

Wakasimama walewale wa siku zote.

Nikaongeza mikato: "Wanafunzi, ambao hawakufanya zoezi, wasimame."

Binti mmoja wa dawati la mbele, yule ambaye hata daftari la mazoezi analifunika kwa kaki, akaruka: "Mwalimu, unatusingizia! Mimi nimefanya!"

Nilikuwa nasubiri hiyo. Nikawaambia, bila mikato, "ambao" inachambua watu: hawa ndiyo, wale hapana. Ukitia mikato, haichambui tena, inatoa habari ya ziada inayowahusu wote. Basi kilichofungiwa kati ya mikato miwili unaweza kukitoa na ujumbe ukabaki palepale. Tukajaribu na "Mlima Kilimanjaro, ambao una urefu wa mita 5,895, uko Tanzania." Tukatoa cha katikati, mlima haukutikisika. Kijana mmoja wa nyuma akauliza: "Na tukifuta mikato, si itakuwa kama kuna Kilimanjaro nyingine fupi? Hiyo iko wapi, Kenya?" Darasa likalipuka. Nikatoka na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, najiona mwalimu wa taifa.

Sasa, makamu wetu wa mkuu wa shule hutia mikato kama mtu anayemwagia kuku mtama. Asubuhi iliyofuata akabandika tangazo: "Wanafunzi wa Kidato cha Pili, ambao hawajalipa hela ya chakula, warudi nyumbani."

Saa nne naingia darasani, nakuta madawati na nzi.

Nikakimbilia getini. Mwalimu wa nidhamu alikuwa kamzuia kijana wa Kilimanjaro, wa mwisho mwisho, maana alirudi kuchukua kandambili zake.

"Wewe si umelipa?" nikamuuliza.

"Nimelipa, Mwalimu. Lakini hiyo ya kulipa iko ndani ya mikato. Ukiitoa inabaki 'Wanafunzi wa Kidato cha Pili warudi nyumbani.' Na mimi ni wa Kidato cha Pili." Akafungua daftari. Kanuni yangu ilikuwa pale, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na chini yake vema niliyoiweka kwa mkono wangu.

Ningemkosoa wapi?

Jikoni mpishi alishatia maharage kwenye makande, sufuria lile la kulisha darasa zima, akabaki ameshika mwiko anatutazama. Makamu akaitwa. Akauliza wameondoka wangapi, akaambiwa wote. Akasema haiwezekani, binti yake yuko Kidato cha Pili na alimlipia mwenyewe tangu shule ilipofunguliwa. Mwalimu wa nidhamu akakohoa. Binti ndiye aliyetangulia.

"Kwani mkato una nini?" Makamu akanigeukia. "Mimi nimeuweka ili msomaji avute pumzi! Sentensi ni ndefu!"

Nikajaribu kumweleza. Nilipofika kwenye Kilimanjaro akaondoka.

Kabla ya saa sita karatasi nyingine ikabandikwa ofisi ya walimu: "Walimu wa Kiswahili, ambao wanawaharibu watoto, waje ofisini kwangu saa nane."

Kiswahili tuko watatu. Wenzangu wawili wiki hiyo walikuwa kwenye ngeli na methali, mkato hawajaugusa. Mmoja akanionyesha karatasi kwa kidole: "Hili ni lako, kaka, nenda."

Mama yetu wa Kidato cha Nne, ambaye ofisi nzima inamwamkia shikamoo, akavaa miwani, akaisogelea ile karatasi, akaisoma polepole akisimama kwenye kila alama. Kisha akavua miwani, akachukua mkoba wake.

"Angeacha mikato, mwanangu, ungekwenda peke yako. Haya, twendeni."